Tundu Ni Dogo, Lakini Fundo Je?

Mhariri,

Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu upasuaji wa viungo kwa njia ya matundu madogo yalisifu, tena kwa haki, udogo wa kovu na wepesi wa mgonjwa kurudi nyumbani. Mimi ni daktari mstaafu wa mifupa, na ningependa kuongeza jambo ambalo hayakuligusa, nalo ni fundo linalobaki ndani ya kiungo baada ya kamera kutolewa. Kwa maana kano ya bega iliyochanika hushikiliwa mfupani na uzi, na uzi nao hushikiliwa na fundo.

Afungaye fundo hilo hawezi kuligusa kwa vidole hapo linapokaa. Uzi hutoka kwenye nanga ndogo iliyozamishwa mfupani, hupita kwenye kano, kisha huletwa nje kupitia mrija mwembamba. Daktari huanza fundo nje, akalisukuma ndani kwa chombo kirefu chenye tundu nchani, huku macho yake yakiwa kwenye runinga na kiungo kikiwa kimejaa maji ya chumvi. Hapo mambo mawili huchanganywa, hata na sisi tuliosomea kazi hii. La kwanza ni fundo kutoteleza linapovutwa. La pili ni kitanzi kilicho chini ya fundo kuendelea kuibana kano. Fundo laweza kukazwa lisifunguke kamwe, lakini likikaa juu ya kitanzi kilicholegea tangu mwanzo halina faida, sawa na mbuzi aliyefungwa kwa fundo gumu na kamba ikampwaya shingoni: asubuhi utalikuta fundo lako zima, mbuzi hayupo. Ndiyo sababu katika vipimo vingi vya maabara kitanzi kilichopanuka kwa milimita 3 huhesabiwa kuwa kimeshindwa, ingawa uzi haujakatika.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na alikuwa akisimulia jinsi nailoni ilivyomsumbua ilipochukua nafasi ya nyuzi za pamba, kwani fundo alilolizoea lilianza kuteleza, ikambidi aongeze mizunguko na kulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza. Nasi madaktari tumepitia hayo hayo. Nyuzi za poliesta zilipoanza kuziachia nafasi nyuzi mpya za polietilini, tulifurahia uimara wake, kwa kuwa ni vigumu kuzikata kwa kuvuta. Lakini baadhi yake ni telezi, na fundo lililofungwa kwa mazoea huachia kabla uzi wenyewe haujafikia kikomo cha nguvu zake. (Wala ulinganisho huu na uvuvi si wa kubuni: fundo la kuteleza, yaani linaloshushwa kwa kuteleza juu ya uzi hadi mahali pake ndipo likazwe, liitwalo Duncan na linalotumika begani, ni fundo la wavuvi.)

Dawa yake inajulikana. Baada ya fundo la kuteleza kukaa mahali pake, huongezwa mafundo nusu (ncha moja ya uzi kuizunguka nyingine mara moja) yasiyopungua matatu, kila moja likigeuzwa upande na uzi wa nguzo, yaani ule unaozungukwa, ukibadilishwa, kwa sababu mafundo nusu ya upande mmoja yakirundikwa juu ya nguzo ile ile huteleza pamoja kama shanga. Ni kanuni rahisi kuikariri mezani na rahisi mno kuisahau saa ya pili ya upasuaji, mkono ukiwa umechoka na maji yamechafuka kwa damu. Zipo pia nanga zisizohitaji fundo, lakini gharama yake si ya kila hospitali, na hata hizo uzi waweza kuteleza ndani yake.

Ombi langu kwa wanaofundisha madaktari wetu vijana ni dogo. Ubao wa mninga, ndoana mbili, kipande cha bomba, beseni la maji na mizani ya kuning'iniza kama ile ya soko la samaki vinatosha kumfanya mwanafunzi afunge mafundo hamsini yaliyolowa, ayavute moja moja, na apime kwa rula kitanzi kimepanuka kiasi gani, kabla hajakabidhiwa bega la mtu.

Daktari mstaafu wa mifupa,
Tanga