Barua kwa Zuhura: Mtaliano Jikoni kwa Mmarekani

Columbus, Ohio

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila baridi inatutafuna. Uliniuliza kama kweli Wamarekani hushinda kwa hambaga. Hambaga wanakula, lakini kinachoingia majumbani mwao bila kupiga hodi ni chakula cha Mtaliano.

Ijumaa mama karudi kazini hoi: piza. Mtoto kaongeza mwaka: piza. Marafiki wamekusaidia kuhamisha makochi: huwapi hela, unawaagizia piza. Siku ya Super Bowl, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, wauza piza hawapati pumzi. Kanisa likitaka mchango, linapika spageti na kuuza kwa sahani. Skuli ndiyo usiseme. Mwaka 2011 Congress, bunge lao, iliizuia wizara ya kilimo isibadili hesabu inayofanya rojo la nyanya la kwenye piza lihesabiwe kuwa mboga katika chakula cha wanafunzi. Watu wazima na suti zao!

Wewe wa Malindi, uliyezoea Wataliano wa hapo, ungeleta ubishi. Hapa spageti inapandishwa kababu kubwa za nyama. Kuku anapakwa chenga za mkate, anakaangwa, anafunikwa jibini na nyanya, kisha anawekwa na tambi sahani moja. Wajuaji husema hiki ni chakula bandia. Mimi nawakatalia. Kati ya 1880 na 1924 walihamia huku Wataliano kama milioni 4, wengi wao mafukara wa kusini: Sicily, Calabria, pande za Napoli. Kwao nyama ilikuwa ya sikukuu. Walipofika New York wakapata ujira, na nyama huku ilikuwa rahisi, ungetaka waendelee kuikata kama ya kulishia paka? Mpishi ni yule yule, mfuko ndio uliotuna.

Majirani nao wakaonja. Hapa hapa Ohio, mjini Cleveland, alikuwapo mpishi Ettore Boiardi, mzaliwa wa Piacenza, aliyefika Marekani mwaka 1914. Wateja wa mkahawa wake waliupenda mchuzi wake hata wakawa wanaomba wa kwenda nao nyumbani, naye akiwatilia kwenye chupa za maziwa. Baadaye akajenga kiwanda, akatia spageti kwenye makopo, na jina akaliandika Boyardee ili Wamarekani waweze kulitamka. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, kiwanda chake kikawalisha askari. Makopo yale yangali madukani, na picha yake na kofia ya upishi. Usiyanunue, lakini, tambi zake ni uji.

Mwaka 1958 wanafunzi wawili wa chuo, ndugu wa ukoo wa Carney, walikopa dola 600 kwa mama yao wakafungua Pizza Hut ya kwanza Wichita, Kansas. Hapo tena piza ikawa haina mwenyewe.

Ya Columbus ina mambo yake. Ni ya duara, lakini huikata vipande vya mraba, kwa hiyo pembeni hubaki vijipande vya pembe tatu, na wanangu hugombania hivyo. Unga ni mwembamba, unalia kau ukiuma. Pepperoni, vipande vyembamba vya soseji, hutandazwa hadi ukingoni kabisa, na ikiiva hujikunja kama vikombe vidogo vilivyojaa mafuta. Kwa kawaida ina nguruwe, ndiyo maana watoto wetu kwenye sherehe za wenzao hukimbilia boksi la jibini tupu kabla halijaisha. Wenzao wasiokatazwa nao hulipenda hilo hilo, basi ni mbio kweli.

Nikitaka tambi za kuniridhisha naenda kwa Wasomali, maana wamejaa mji huu. Baasto yao waliitoa kwao, tangu Mtaliano alipowatawala. Inakuja na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu kando. Juzi mzee wa Kimarekani meza ya pili aliiacha ndizi yake mwisho, akidhani ni tunda la baada ya mlo. Mhudumu akamwendea: “Baba, hiyo unakula pamoja.” Akajaribu, akaagiza ya pili.

Mwanao akimaliza mitihani niandikie. Na huyo shemeji yako anayekuja mwezi ujao mpe bizari ya pilau, ya huku haina harufu. Nisalimie mama.

Wasalaam,
Shoga yako, Mwanaidi