Utambi Utokao Moshi: Salamu za Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Kila mmoja aitikie kwa desturi ya kanisa lake, maana salamu hizi ni za wote. Kwa wazee wetu, kina mama, vijana, wanakwaya ambao sauti zimekauka tangu Ijumaa Kuu, na nyinyi mlioko zamu ya usiku: heri ya Pasaka, na amani ya Mfufuka ikae majumbani mwenu.

Mwaka umekuwa mgumu, hakuna haja ya kuupamba. Kila kitu kimepanda isipokuwa kipato. Sadaka imepungua, na anayeitoa anaona haya kana kwamba Mungu hajui habari za sokoni. Wapo walioianza Kwaresima wawili wakaimaliza mmoja. Hata katika orodha ya ninaowaandikia kila sikukuu, safari hii kuna jina ambalo halitaitikia, na bado sijathubutu kulifuta.

Kaburi tupu mmeshahubiriwa na wenye kazi yao. Mimi niacheni na mshumaa.

Ule mkubwa wa Pasaka mnaujua: msalaba, Alfa juu, Omega chini, tarakimu nne za mwaka, punje tano za ubani. Mbiu ya Pasaka, ile inayoimbwa usiku wa mkesha, hata nyuki inawataja kwa nta yao. Huo huo unaowashwa mtoto akibatizwa ndio unaosimamishwa karibu na jeneza. Aliyefiwa mwaka huu aliuona pale mbele, huenda bila kuutazama. Haukuletwa kwa ajili ya msiba. Ulikuwapo tangu kisimani pa ubatizo.

Sasa angalia unavyowaka. Moto wa mshumaa chakula chake ni nta. Joto huiyeyusha, nayo hupanda ndani ya utambi kama maji yapandavyo kwenye kitambaa, ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi hudumu kwa sababu umelowa nta. Ukikauka, huteketea wenyewe upesi. Michael Faraday, mwanasayansi aliyekuwa pia mzee wa kanisa, aliwatolea vijana mihadhara sita juu ya mshumaa mmoja tu, huko London, majira ya Krismasi ya 1860 kuingia 1861. Sita! Sisi dakika kumi za mahubiri tunaangalia saa.

Mwenye masikio na asikie, hasa nyinyi mnaoshika kila kamati. Mtumishi anayetoa bila kupokea haangazi, anaungua. Akianza kufokea watoto wa Jumapili na kununa kwenye mazoezi ya kwaya, msimwongezee kazi. Mpeni likizo, asome Neno kwa ajili ya nafsi yake na alale usingizi wa kutosha.

Kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki kama milimita 6. Ukiwa mrefu, mvuke wa nta unakuwa mwingi kuliko hewa inayoweza kuuunguza, ndipo masizi yanapopaka kuta na vitambaa vya altare. Ukikata mno, utambi unazama kwenye nta na kuzimika; hapo mwaga nta kidogo iliyoyeyuka, uwashe tena. Katika Kutoka 25:38, vifaa vya kutunzia tambi za kinara viliagizwa vya dhahabu safi, sawa na kinara chenyewe. Kazi ya kukata kilichokwisha kuungua haikupewa chuma chakavu. Basi na anayemwonya mwenzake aangalie ameshika nini mkononi, na amekata milimita ngapi.

Mshumaa mnene una tabia nyingine. Mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke kufikia ukingoni, takriban saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana wake. Ukizimwa mapema kila mara, unachimba shimo katikati, kuta zinabaki nzima, na mwisho moto unazama humo. Sala za kuchungulia hufanya hivyo hivyo: katikati pameyeyuka, pembeni pagumu. Mara moja kwa juma, kaa mpaka pafike ukingoni.

Kisha lile tendo la mkesha, pale moto unapopita kiti hadi kiti. Mshumaa unaowaka husimama wima. Usiowaka ndio unaoinama. Kila mwaka kuna mtu mwema anayekosea, anainamisha wa kwake ili kumrahisishia jirani, na nta ya moto inamwagikia jirani huyo mkononi. (Ikidondokea nguo usiifute ikiwa mbichi, utaieneza. Iache igande, ikwangue, kisha weka karatasi isiyo na maandishi juu yake na upitishe pasi yenye moto mdogo, karatasi itainywa.) Somo lake si jepesi. Wengi wetu tumezoea kusaidia kwa kuinama mpaka tunawaunguza tunaowasaidia: tunawaamulia, tunawasemea, tunawahesabia. Kazi ya mwenye moto ni kusimama wima, kutulia, kutotikisika. Na mwenye kuhitaji asione aibu kuinama. Aliyefiwa, aliyepoteza kazi, aliye na deni, semeni. Hakuna aliyekuja mkeshani na mshumaa uliojiwasha.

Nimeiweka mwisho habari ya kuzima, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ukipuliza mshumaa, nta ya moto hurukaruka, kaa jekundu hubaki kwenye ncha, na moshi mweupe hupanda ukinuka. Ndiyo maana watumikiaji hutumia kikofia cha kufunikia moto. Isaya 42:3 inasema, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Moshi ule mweupe ni mvuke wa nta ulioganda hewani kabla haujapata kuwaka. Jaribu nyumbani, mahali pasipo upepo: zima mshumaa, kisha upesi sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi, sentimita moja au mbili juu ya utambi. Moto utashuka kwa njia ya moshi wenyewe na utambi utawaka bila kuguswa. Ukichelewa, nta ikapoa, moshi unakwisha na jambo hilo halifanyiki tena.

Petro alikuwa hivyo. Kwenye moto wa makaa, Yohana 18:18, alisimama akiota, na hapo hapo akamkana Bwana. Katika 21:9 yupo tena mbele ya moto wa makaa, ufukoni, na safari hii aliyeuwasha ni Yesu. Hakumpuliza. Alimwuliza mara tatu, akamkabidhi kondoo.

Kwa hiyo yule ndugu ambaye kwaya haimwoni tangu mazishi yale, na yule aliyesema kwa hasira kwamba hasali tena, moshi wao usiwakere. Nendeni Jumatatu ya Pasaka, msingoje Jumapili ijayo. Msiende na hotuba. Kaeni, zungumzeni, mwombeni naye kwa ufupi, mrudi tena juma linalofuata.

Na wewe mwenyewe unayetoa moshi, ukijiona umechelewa: usiku wa mkesha mishumaa huwashwa, huwekwa kando wakati wa masomo, kisha huwashwa tena kwa ahadi za ubatizo. Angalia mara ya pili. Utambi mpya hukaidi kidogo. Uliokwisha kuungua una ncha ya mkaa iliyonywa nta, nao hushika mara moja.

Kristo amefufuka. Amefufuka kweli kweli. Heri ya Pasaka kwenu nyote na kwa jamaa zenu.