Wanaoongoza burudani za televisheni nao wakumbukwe

Mhariri,

Tangu televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, tumewaenzi waigizaji, waimbaji na watangazaji, lakini ni nadra kusoma magazetini maisha ya kazi ya mwongozaji au mtayarishaji wa vipindi vya burudani, ambaye jina lake hupita haraka mwishoni, watazamaji wakiwa wameshainuka.

Mtayarishaji ndiye atafutaye fedha, vibali na wasanii. Mwongozaji, akiwa ameketi mbele ya safu ya skrini, huamua kila sekunde ni kamera ipi itakayotuonyesha nini, na sisi wa Lamu tunaijua thamani ya uamuzi huo. Kirumbizi, mchezo wetu wa bakora, kinapochezwa wakati wa Maulidi, aujuaye mchezo huiweka kamera ukingoni mwa duara, akayafuata macho ya mchezaji na mlio wa zumari kabla bakora haijashuka. Asiyeujua hutuletea vumbi na migongo ya watu, nami nimeviona vipindi vingi vya namna hiyo kwa uchungu mkubwa.

Ustadi huu huchukua miaka mingi, na wengi huuanza kwa kubeba nyaya na kupanga taa. Naliomba gazeti lako liandike habari za wakongwe wa kazi hii wangali hai, na serikali ya kaunti iwafadhili vijana wetu wanaotamani kwenda Nairobi kuisomea, ili ngoma zetu za goma na vugo zirekodiwe na watu waliozaliwa nazo.

Mkazi wa Langoni,
Lamu.