Shati lako la bluu

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, ila upepo wa Makambako mwaka huu unapenya hadi kwenye mifupa.

Juma lijalo unavikwa vazi la kitawa huko Hanga, kwenye monasteri ya Wabenediktini. Miaka yote hii nimeketi kwenye cherehani, lakini nguo hiyo haikushonwa kwa mkono wangu, basi niruhusu niiseme kidogo.

Bruda aliyekuja kukuchukua alilala hapa kwetu. Usiku aliniomba sindano. Skapulari yake, kile kitambaa kinachoning'inia mbele na nyuma, ilikuwa imechanika begani. Nilipoifumua nilikuta chini ya kiraka kuna kiraka kingine, mishono ya mkono midogo kama punje za ulezi. Wanasema kitambaa hicho ni nira ya Kristo, nami nakubali. Lakini Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 55, inakitaja kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo kikichafuka udongo wa shambani usione haya.

Sura hiyohiyo imenigusa kama fundi. Kanzu mbili na kukula mbili, yaani majoho yenye kofia, zinatosha: moja ikifuliwa, nyingine ipo. Mtawa asinung'unikie rangi wala ukali wa kitambaa. Mahali pa baridi avae zaidi. Na abati mwenyewe, mkuu wa monasteri, aangalie vipimo, nguo isiwe fupi bali imtoshe mtu! Nilisoma mara mbili. Mtu aliyeandika haya katika karne ya 6 alijua aibu ya kijana aliyevaa kanzu inayoishia kwenye vigimbi vya miguu.

Mshipi unaujua: "Viuno vyenu na viwe vimefungwa."

Mama yako alilia aliposikia utavuliwa nguo za nyumbani. Nikamsomea sura ya 58: nguo alizovuliwa mtawa hazitupwi, zinatunzwa stoo, ili siku akiondoka aondoke na zake. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi hawajamfungia mlango." Nami naona hivyo. Ukibaki, nataka ubaki huku ukijua shati lako lipo.

Ni lile la bluu ulilosafiri nalo. Kifungo cha mkono wa kushoto kilikuwa kinalegea, nami sikuwahi kukikaza kabla basi halijaja. Mwombe mtunza stoo akitie uzi kabla hajalikunja.

Baba yako