Saa kumi mpaka saa kumi

Le Mans, Ufaransa
19 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila macho bado yananidai usingizi wa Jumamosi.

Kwenye simu uliniuliza mtu anakeshaje kuangalia magari asiyoyaona, na laini ikakatika kabla sijajibu. Fundi kama wewe hajibiwi juu juu, basi nakuandikia.

Kwanza nikubali kwamba swali lako lina haki. Njia ya Saa 24 za Le Mans, mashindano ya magari ya mchana na usiku mzima, ina urefu wa kilomita 13.626, na sehemu kubwa ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine hupita maroli na watu waendao kazini. Ukikaa jukwaani mbele ya piti, pale magari yanapoingia kujazwa mafuta na kubadilishwa matairi, huoni kinachotokea kona ya Mulsanne. Ukienda Mulsanne, piti huioni. Gari la daraja la juu, wanaloliita Hypercar, linazunguka kwa kama dakika tatu na nusu, kwa hiyo unaliona sekunde chache, linapotea, unabaki kusubiri. Tangu 1923 mashindano haya yalipoanza, hakuna mtu aliyesimama kando ya njia akayaona yote.

Ndiyo maana watu huyafuata kwa makundi. Mimi nilikaribishwa na mfanyakazi mwenzangu, Mdenmark, aliyepiga hema na ndugu zake karibu na kona ya Tertre Rouge. Jirani yao hapo ni mzee mmoja Mwingereza, na wamekuwa majirani wa mahema miaka mingi kiasi kwamba hawagombani tena kuhusu nafasi. Wanagombana kuhusu mengine yote.

Kazi zimegawanywa bila mtu kuzigawa. Mmoja ana redio sikioni, masafa ya 91.2, ambako watangazaji wa Kiingereza wanasema usiku kucha bila kuchoka. Mwingine anaangalia nyakati kwenye simu. Vijana wawili wanatumwa Arnage, kona ya taratibu kuliko zote, wakapige simu kusema gari gani lina taa iliyovunjika na lipi linatoa moshi. Mzee ana daftari. Kila gari la mbele likiingia piti anaandika kwa penseli: saa, dereva, matairi. Niliona kama kichekesho, maana simu inasema hayo yote. Usiku wa manane mtandao ulielemewa na watu, simu zikaganda, na wote tukajikuta tumemzunguka mzee na tochi yake.

Kulala nako ni kwa zamu. Kanuni inasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla, kwa hiyo kila gari lina madereva watatu wanaopokezana. Hemani ni vivyo hivyo. Anayekwenda kulala anaacha wasia: niamsheni mvua ikinyesha; niamsheni Ferrari namba 50 ikiingia piti; msiniamshe kwa habari mbaya. Wa habari mbaya ndiye huamshwa wa kwanza.

Mambo yalianza saa kumi alasiri ya Jumamosi, Zinedine Zidane mwenyewe akipunga bendera. Jua la Juni huku linazama kwenye saa nne usiku, na hapo ndipo nilipotamani ungekuwepo. Ukisimama kabla ya kona unaona diski za breki zimeiva nyekundu ndani ya rimu. Ubavuni mwa gari kuna taa ndogo: moja ikiwaka, gari hilo linaongoza daraja lake, mbili, ni la pili, tatu, la tatu. Lakini zaidi ni masikio. Cadillac ina V8 (silinda nane) ya lita 5.5 isiyo na tabo, yaani turbo ya kusukuma hewa ndani ya injini, unaisikia ikinguruma huko mbali kabla taa zake hazijatokea. Ferrari na Toyota zote ni V6 zenye tabo mbili na zina sauti ya kubanwa zaidi. Kufika saa saba usiku nilikuwa nazitaja nimefumba macho, na Wadenmark wakinipa alama kama mwanafunzi. Wewe ungewamaliza. Na ile hoja yako ya hewa ya baridi kuwa nzito, injini ikavuta vizuri, huku kila mtu anaijua: wanasema saa za kabla ya mapambazuko ndizo za kukimbia.

Mwaka huu hazikuwa. Mvua ilishuka kwa nguvu, maji yakatuama njiani, na gari la usalama likaingizwa njiani kuyatangulia mengine. Zaidi ya saa nne, mjomba! Toka gizani mpaka saa mbili asubuhi, magari yote yanafuatana taratibu kama msafara wa harusi, na saa haisimamishwi. Hakuna kupitana. Hapo nilijiuliza swali lako mwenyewe: sasa tunaangalia nini?

Ila hakuna aliyeondoka. Mzee alituambia habari ya 2016, alipokuwa jukwaani. Toyota namba 5 ya Kazuki Nakajima ilikuwa inaongoza, zimebaki dakika tatu hivi, ikaishiwa nguvu na kusimama mbele ya watu wote. Porsche ikapita ikashinda. Anasema hata waliovaa kofia za Porsche pale jukwaani hawakujua washangilie au wanyamaze. Kwa maoni yangu watu kama hao hawakeshi kwa raha. Wanaogopa jambo lisije likatokea wamelala, wakahadithiwa na jirani.

Na ule msafara ulikuwa na kazi yake. Magari yaliyokuwa yameachana yalibanwa pamoja, na mwishoni magari 9 yalimaliza yakiwa kwenye mzunguko mmoja na mshindi. Kwa umbali ni mashindano mafupi: mizunguko 311, wakati mwaka 2010 Audi ilikwenda 397, zaidi ya kilomita 5,400. Kwa mchecheto, mzee ambaye si mtu wa kusifu alisema hana wa kulalamikia.

Sasa sikia hili la kifundi. Zikiwa zimebaki kama saa mbili, mlango wa kulia wa Ferrari namba 50 ukaanza kufunguka na kupigapiga njiani. Dereva alikuwa Nicklas Nielsen, Mdenmark! Akaonyeshwa bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, maana yake ingia piti ukatengenezwe. Hemani kelele zikawa za Kidenmark tupu, sikuelewa neno ila nilielewa. Mlango ukafungwa, lakini kuingia mapema kulivuruga hesabu ya mafuta, ikabidi abane matumizi mpaka mwisho, nyuma yake Toyota namba 7 ikimtafuta kwenye mvua. Saa kumi ilipofika alipita wa kwanza, tofauti ikiwa sekunde 14.221 baada ya saa 24. Akiba yake ya nishati ilikuwa asilimia 2.

Ubishi haujaisha hadi leo. Wadenmark wanasema dereva alijua anachofanya tangu alipotoka piti. Mzee anasema ni mvua iliyomwokoa, kwamba njia ingekuwa kavu angeishiwa, na amepiga mstari chini ya hesabu zake kuthibitisha. Mimi nimewaambia nyumbani nina mjomba fundi ambaye hatapendelea upande. Basi niandikie: njia ikilowa, dereva asipokanyaga mafuta sana, unaokoa kiasi gani kweli? Na kitasa cha mlango wa gari la namna ile kinalegeaje, kwa mtikisiko au kwa upepo? Andika kirefu, nitawatafsiria.

Mwambie mama nimepata ile picha ya watoto. Wasalimie wote.

Mpwa wako