Vyuo vya uuguzi vijibu barua za uhakiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa vyuo vya uuguzi na waganga wafawidhi wa hospitali zetu kuhusu jambo linalowakosesha wauguzi wa Kitanzania kazi nje ya nchi wakati kazi hiyo wamekwisha kuikaribia. Jambo lenyewe ni barua ya uhakiki wa vyeti inayotumwa kwao na kukaa bila kujibiwa.

Mimi ni muuguzi na mkunga mwenye stashahada na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022 nilijitolea katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, bila mshahara, nikitegemea posho ambayo mwezi huu ilitoka na mwezi uliofuata ikakosekana. Kila tangazo la ajira za afya lilipotolewa niliomba, na kila orodha ya walioitwa ilipotoka nilijitafuta bila kujiona. Februari 2023 baba aliniruhusu kuuza sehemu ya shamba la michungwa aliyokuwa amenigawia huko Muheza, nikakata tiketi ya ndege na kwenda Dubai kwa viza ya kutembelea ya siku 60, nikiamini kwamba miezi miwili inamtosha mtu mwenye vyeti halali.

Naomba nieleze utaratibu wa kule, kwa sababu wengi wetu tunaujua tukiwa tumekwisha kufika. Falme za Kiarabu zina mamlaka tatu zinazotoa leseni za wauguzi: moja ya Dubai, moja ya Abu Dhabi, na Wizara ya Afya inayosimamia falme zilizobaki kama Sharjah na Ajman. Mwombaji hufanya mtihani wa kompyuta katika vituo vya kampuni za mitihani kama Prometric, vituo ambavyo viko katika nchi nyingi, hivyo si lazima mtu aufanyie Dubai. Nyaraka zake nazo hupelekwa kuhakikiwa, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na kampuni ya DataFlow. Wahakiki hawa hawatosheki na mhuri wala saini. Huandika moja kwa moja kwa aliyeutoa waraka, yaani chuo kuhusu stashahada, baraza kuhusu leseni, na hospitali kuhusu uzoefu wa kazi. Aliyefaulu mtihani na kuhakikiwa hupewa barua ya ustahiki, na hiyo ndiyo waajiri huitaka kabla ya kumwombea viza ya kazi. Chuo kisipojibu, ripoti hutoka ikisema kwamba waraka haukuweza kuthibitishwa, na mwajiri aliye na maombi mengine mezani hana sababu ya kuuliza kama kosa ni la muuguzi au la chuo chake.

Upande wangu, Baraza lilijibu mapema, nalishukuru. Hospitali ilichelewa kwa sababu ambayo nilipoambiwa nililia: mtu aliyejitolea hana jalada la utumishi, kwa hiyo masjala hawakuona popote kwamba niliwahi kufanya kazi pale, ingawa kwa karibu miaka mitatu nilipokea watoto katika wodi ile usiku na mchana. Matroni, Mungu ambariki, alizitafuta ratiba za zamu za miaka ile kabatini, moja baada ya nyingine, akamwonyesha mganga mfawidhi jina langu, na ndipo barua ikaandikwa.

Chuo hakikujibu kabisa. Wahakiki waliandika mara ya kwanza, wakaandika ya pili. Nilipiga simu kutoka Deira, mtaa wa Dubai nilikokuwa nimekodi kitanda katika chumba cha wanawake sita, na kila niliyempata aliniahidi kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Siku zikawa zinakwenda. Asubuhi nilivuka hori kwa boti ya abra, kwa dirhamu moja, kwenda kupeleka wasifu wangu katika zahanati za Bur Dubai, na mapokezi waliniuliza swali lile lile: barua ya ustahiki iko wapi? Jioni tulipika pamoja, Wakenya, Waganda na mimi, tukihesabiana siku zilizobaki, kwa sababu anayepitisha muda wa viza hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku, na fedha hiyo ingetosha kumlisha mtu siku mbili.

Siku ya 44 dada yangu alipanda basi hadi chuoni na kukaa nje ya ofisi ya taaluma tangu saa mbili asubuhi. Alielezwa kwamba anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye vyeti vyetu ilifunguliwa na mtumishi aliyekwisha kuhamishwa, na nywila aliijua yeye peke yake. Barua za wahakiki zilikuwa zimefika, lakini hapakuwa na mtu wa kuzifungua. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, kwa sababu hakuna aliyenikatalia, hakuna aliyedai rushwa, wala hakuna aliyenitakia mabaya; ilikosekana kazi ya robo saa ambayo haikuwa imekabidhiwa kwa mtu yeyote.

Viza yangu ilikwisha kabla ripoti haijatoka. Nilipanda basi la Muscat, Oman, na kuhifadhiwa na familia yenye asili ya Unguja, ambako nyumba nzima wanazungumza Kiswahili na bibi mwenye nyumba alikataa hata kunisikia nikitaja kodi. Nilikaa kwao wiki tano. Chuo kilipojibu hatimaye na ripoti kutoka, nilirudi kwa viza mpya, na leo ninafanya kazi katika kituo kimoja cha afya Ajman. Ninajua kwamba wengi hawana dada wa kumpandisha basi, wala hawana mlango wa kubisha Muscat.

Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa chumba, muuguzi mwenye leseni, aliyemlipa wakala mamilioni ya shilingi kwa ahadi kwamba kazi ya hospitali angeipata akifika. Uhakiki wake ulikwama kama wangu. Fedha zilipomwishia alikubali kumtunza mzee nyumbani kwa mtu, bila mkataba, huku akiwa na viza ya kutembelea, jambo ambalo sheria za kule zinalikataza, na kwa hiyo aliponyimwa malipo ya mwezi wa pili hakuthubutu kwenda kushtaki. Hakuwahi kuambiwa na wakala wake kwamba sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Wakala wa namna hii hustawi kwa sababu mlango halali una foleni isiyosogea.

Ninafahamu kwamba wapo wasomaji watakaouliza kwa nini tuwarahisishie wauguzi kuondoka wakati wodi zetu hazina watu. Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi 55 ambazo mataifa mengine yanatakiwa yasiende kuzoa wahudumu wake wa afya. Lakini kanuni za shirika hilo hilo, zilizopitishwa mwaka 2010, hazimzuii mhudumu mmoja mmoja kwenda kutafuta kazi kwa hiari yake. Na kumkwamisha kwa kutojibu barua hakumrudishi wodini, maana wodini hakuwa na ajira. Kunamweka Deira akiwa hana kazi kule wala huku.

Ombi langu si la gharama. Kila chuo kiwe na anwani moja ya uhakiki yenye jina la chuo, isiyo mali ya mtumishi, na afisa aliyeandikiwa barua kwamba kuzijibu ni wajibu wake, na akienda likizo ajulikane anayeshika nafasi yake. Baraza la Uuguzi na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, waitangaze orodha ya anwani hizo mahali ambapo wahakiki na wahitimu wataiona. Hospitali nazo, kwa kuwa zinaendelea kuwatumia wanaojitolea, ziwafungulie jalada siku ya kwanza na kuwapa barua inayotaja wodi na tarehe, kwa sababu ule ni uzoefu wa kazi halisi hata kama haukulipwa.

Kwa wauguzi wenzangu, msipande ndege kabla ripoti ya uhakiki haijatoka. Ombeni uhakiki mkiwa nyumbani, mfanye mtihani mkiwa karibu na nyumbani, na nendeni chuoni ninyi wenyewe kuuliza barua yenu imefikia wapi, kwa maana nauli ya basi la kwenda chuoni ni ndogo mno ukilinganisha na usiku mmoja wa kitanda cha Deira. Mimi nilifanya kinyume, na shamba lile halikurudi.

Ninaandika sasa kwa sababu wapo wahitimu wawili wa chuo changu walioko Sharjah ambao uhakiki wao umesimama pale pale uliposimama wangu. Wahakiki wamekwisha kukiandikia chuo mara mbili. Viza ya mmoja inaisha tarehe 18 ya mwezi ujao.

Wako mtiifu,
Muuguzi Mkunga (jina limehifadhiwa)
Ajman, Falme za Kiarabu