Shukrani kwa fundi mitambo wa sendofu
Kaka fundi mitambo wa ile sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) ya Mbagala, jina lako sikulipata, ila asante sana. Baba mdogo alinisukumia maiki niseme kwa niaba ya familia, koo limeshakauka, karatasi inatetemeka mkononi. Wewe ukajifanya unarekebisha waya, ukaninong'oneza: "Toa pumzi yote kwanza, taratibu. Halafu mwangalie dada yako tu, sisi wengine tuache." Kumbe ukishusha pumzi polepole, na mapigo ya moyo yanapungua! Itifaki ilikuwa ndefu (wazee wetu mnawajua), lakini sauti ilitoka, na watu wakacheka pale nilipotaka wacheke. Kisha ukaniongezea sauti kidogo bila kuombwa. Mungu akubariki, kaka, na kazi zisikukauke.